UZI: Kenny Dorham, mpiga tarumbeta aliyeitwa kila kiti kilipobaki wazi

Wanajamvi, salaam.

Mtu yeyote aliyewahi kujifunza kupiga jazi, awe wa gitaa, wa piano au wa saksofoni, amekutana na wimbo uitwao "Blue Bossa". Ni mfupi, unashikika upesi, na walimu huwapa wanafunzi mapema kabla ya kuwaingiza kwenye nyimbo ngumu. Ukiwauliza waupigao ni nani aliyeutunga, wengi watakutajia Joe Henderson, mpiga saksofoni aliyeutoa katika albamu yake ya kwanza, "Page One", mwaka 1963. Henderson hakuutunga. Mtunzi alikuwa amesimama karibu naye studioni siku hiyo, ameshika tarumbeta, na jina lake ni Kenny Dorham.

Dorham akitajwa, mara nyingi hutajwa kwa huruma: fundi aliyepuuzwa, aliyezaliwa zama zilizojaa wakubwa kuliko yeye. Mhakiki wa Marekani, Gary Giddins, aliwahi kuandika kwamba jina la Dorham limekuwa karibu kisawe cha kutothaminiwa. Mkosi ulikuwepo, wala sikatai. Hata hivyo naona tumekuwa tukimpima kwa kipimo kisicho chake, kwa kumpanga kwenye mstari mmoja na wapiga tarumbeta Dizzy Gillespie, Fats Navarro, Miles Davis na Clifford Brown kama wakimbiaji wa mbio moja, ilhali kilicho kikubwa zaidi katika kazi yake ni utunzi, na sehemu nzuri ya utunzi huo aliitoa kwenye rekodi za watu wengine.

Alizaliwa tarehe 30 Agosti 1924 karibu na mji mdogo wa Fairfield, jimbo la Texas, akaitwa McKinley Howard Dorham. Kutoka McKinley watu walimwita Kinny, na baadhi ya rekodi zake za mwanzo zina jina hilo; Kenny lilikuja baadaye na likamganda. Alisoma sekondari Austin, ambako alijifunza tarumbeta na pia alipigana ndondi, kisha akaingia Chuo cha Wiley kilichoko Marshall, hukohuko Texas, kabla ya kuchukuliwa jeshini wakati wa vita. Alipofika New York, ule mtindo wa bibopu ulikuwa ndio kwanza unachemka: muziki wa kasi, wenye sauti zinazobadilika kila baada ya mapigo machache, uliomtaka mpigaji afikiri haraka kuliko vidole vyake. Akapita katika bendi kubwa ya Gillespie, kisha ya Billy Eckstine, na mwaka 1946 akarekodi pamoja na Navarro, Sonny Stitt na Bud Powell. Alikuwa na miaka 22 au chini ya hapo, na tayari alikuwa anaandika mipangilio ya muziki kwa ajili ya wengine.

Kiti cha kwanza kikubwa alikipata Desemba 1948. Miles Davis aliondoka katika kundi la mpiga saksofoni Charlie Parker, na Parker akamwita Dorham. Fikirieni mzigo huo: Parker ndiye aliyekuwa anaamuru jazi nzima iende wapi, na kila usiku unasimama pembeni yake kupiga mara tu baada yake. Mei 1949 kundi hilo lilikwenda Paris kwenye tamasha la kimataifa la jazi. Miles naye alikuwepo, safari hii akiwa na kundi la Tadd Dameron, na ukisoma masimulizi ya tamasha lile mpaka leo utakuta kurasa nyingi kuhusu Miles akitembea Paris, na mstari mmoja au miwili kuhusu kijana aliyesimama na Parker. Mwaka huohuo kiti cha Parker kikaenda kwa Red Rodney.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya kuitwa hapa na pale. Mei 1952 alirekodi na mpiga piano Thelonious Monk, na nawasihi msikilize "Let's Cool One" kutoka siku ile, kwa sababu muziki wa Monk huwaanika wapigaji wasiojua kunyamaza. Dorham anajua kunyamaza. Anaacha mapengo mahali ambapo vijana wengi wa bibopu wangeyajaza kwa noti, na pengo lenyewe linageuka sehemu ya sentensi.

Mwaka 1954 akawa miongoni mwa waanzilishi wa kundi lililokuja kuwa maarufu kuliko yote ya aina yake, Jazz Messengers, akiwa na Horace Silver kwenye piano, Hank Mobley kwenye saksofoni, Doug Watkins kwenye besi na Art Blakey kwenye dramu. Tarumbeta mnayoisikia katika "Doodlin'" na "The Preacher" ni yake. Novemba 1955 walirekodi moja kwa moja mbele ya watu katika klabu ya Cafe Bohemia, na humo mna "Minor's Holiday", utunzi wake. Muda mfupi baadaye akaondoka, nafasi ikachukuliwa na Donald Byrd. Kisha wakaja Lee Morgan, Freddie Hubbard, na miongo miwili baadaye Wynton Marsalis, kila mmoja akitoka pale akiwa nyota. Kiti cha tarumbeta cha Blakey kikawa ngazi ya umaarufu, lakini aliyekikalia wa kwanza alishateremka kabla ngazi haijajengwa.

Mwaka huo wa 1955 ndio pia alipotoa kazi ninayoiona kuwa ya kwanza kumwonyesha mzima, yaani "Afro-Cuban". Machi alikusanya wapigaji wanane: yeye, J.J. Johnson wa tromboni, Mobley, Cecil Payne wa saksofoni nzito, Silver, Oscar Pettiford wa besi, Blakey, na Mkuba Carlos "Patato" Valdes kwenye konga. Wengi wetu tumekua tukisikia dansi la Cuban Marimba, Morogoro Jazz na rumba ya Kongo, ambazo mizizi yake kwa sehemu inarudi kwenye santuri za Kuba zilizovuka bahari, kwa hiyo "Afrodisia" haitatusumbua masikio. Konga inazungumza lugha tunayoijua. Kinachotofautisha ni vile Dorham alivyopanga ala zile nne za kupuliza juu ya ngoma. Hazipigi zote kwa pamoja kama tarumbeta za gwaride. Zinaachana na kukutana, saksofoni nzito ya Payne ikibeba sakafu, na tarumbeta yake mwenyewe ikikaa katikati ya sauti badala ya kupanda juu kabisa.

Alipotoka kwa Blakey aliunda kundi lake, Jazz Prophets. Tarehe 31 Mei 1956 walirekodi palepale Cafe Bohemia, na rekodi ile inasikika kama kundi lenye safari ndefu mbele yake. Tarehe 26 Juni gari lililombeba Clifford Brown lilipata ajali usiku katika barabara kuu ya Pennsylvania. Brown alikuwa na miaka 25. Alikufa pamoja na mpiga piano Richie Powell na mke wa Powell, na mpiga dramu Max Roach, aliyekuwa anaongoza kundi pamoja na Brown, akabaki na mpiga saksofoni Sonny Rollins na huzuni kubwa. Roach alimwita Dorham, na Dorham akaenda. Kundi lake halikudumu.

Hapa naomba nisimame kidogo, kwa sababu naona ndipo mahali ambapo hesabu ya umaarufu wake iliharibika. Hakuna mpiga tarumbeta duniani ambaye angeingia katika kiti kile mwaka 1956 akatoka salama. Waliokuja ukumbini walikuwa bado wanamlilia Brown, aliyekuwa na sauti pana, yenye joto, iliyojaa kila kona ya chumba. Dorham alikuwa kinyume chake karibu kwa kila jambo: sauti kavu kidogo, yenye ukungu kwa mbali, isiyotetemeshwa sana mwisho wa noti, na mistari mirefu inayokimbia kwa mwendo wa mazungumzo. Akikaa mahali pa Brown, sifa zake zenyewe zinasikika kama upungufu. Alikaa na Roach hadi mwaka 1958, akarekodi naye "Max Roach + 4" na ile "Jazz in 3/4 Time" ambayo nyimbo zake zilichukua mwendo wa waltz, na sidhani kama kuna wakati alipiga vizuri zaidi kwa upande wa ufundi mtupu. Msikilizaji wa kawaida alikumbuka jambo moja tu, kwamba huyu si Brown.

Naendelea.

Mkuu uliyeuliza mtu aanze kumsikiliza wapi: anza na "Quiet Kenny" ya Novemba 1959. Ni tarumbeta moja tu na wenzake watatu, Tommy Flanagan kwenye piano, Paul Chambers kwenye besi na Art Taylor kwenye dramu, kwa hiyo hakuna saksofoni ya kujificha nyuma yake. Wimbo wa kwanza, "Lotus Blossom", ni utunzi wake, na mwenye masikio makali atagundua kwamba ni uleule ambao Sonny Rollins aliurekodi mwaka 1957 kwa jina la "Asiatic Raes". Tazameni anavyoupiga "Alone Together" katika albamu hiyo: anaueleza wimbo taratibu, karibu na jinsi ulivyoandikwa, kisha anauacha. Mpigaji anayejitafutia sifa asingethubutu kufanya hivyo kwenye rekodi yenye jina lake.

Baada ya hapo nenda kwenye "Whistle Stop", iliyorekodiwa Januari 1961 na Mobley, Kenny Drew wa piano, Chambers na Philly Joe Jones wa dramu. Nyimbo zote saba ni zake, na kadhaa kati yake zinarudi Texas ya utotoni: kituo kidogo ambacho treni husimama ikipigiwa ishara, vinu vya upepo, machweo. Ya saba inaitwa "Dorham's Epitaph" na haizidi sana dakika moja. Ni wimbo uliopangwa wote, hamna anayebuni papo hapo. Kwa maoni yangu "Whistle Stop" ndiyo kazi yake bora akiwa kiongozi, na nashangaa kwamba ilipotoka haikuleta kishindo chochote. Kwa kweli nashangaa nusu tu, maana Blue Note, kampuni iliyoitoa, ilikuwa inatoa albamu nzuri karibu kila mwezi wakati ule, na hii haikuwa na wimbo wa kuchezwa na mashine za muziki za baa.

Julai 1961 alikwenda Brazil na msafara wa wanajazi wa Marekani, na bosa nova, mtindo wa muziki wa huko, ikamwingia. Hapa ndipo tunarudi kwa Joe Henderson. Henderson alifika New York mwaka 1962 akitokea jeshini, hajulikani na yeyote, na Dorham akamchukua kama mdogo wake. Inasimuliwa kwamba alimpeleka klabu ya Birdland kumsikiliza mpiga saksofoni Dexter Gordon, na kijana akaishia kupanda jukwaani. Tarehe 1 Aprili 1963 Dorham aliingia studio ya Rudy Van Gelder kule Englewood Cliffs, New Jersey, kurekodi "Una Mas", akiwa na Henderson, Herbie Hancock wa piano, Butch Warren wa besi, na mpiga dramu mwenye miaka 17 aitwaye Tony Williams. Wimbo wenye jina la albamu unachukua kama dakika 15 na mwingine unaitwa "São Paulo". Wiki chache baadaye Hancock na Williams walichukuliwa na Miles Davis. Dorham alikuwa ameshawasikia.

Juni 3 mwaka huohuo ilikuwa zamu ya Henderson kuongoza, na Dorham akamletea nyimbo mbili, "Blue Bossa" na "La Mesha".

Niseme kidogo jinsi "Blue Bossa" ulivyojengwa, maana wepesi wake unadanganya. Una vipimo 16 tu vya muziki, katika mafungu manne. Unaanza kwenye ufunguo wa C maina: noti moja ya G chini, kisha inaruka hadi G ya juu, halafu sauti inashuka hatua kwa hatua kama mtu anayeteremka ngazi bila haraka. Fungu la pili linarudia mteremko uleule kuanzia chini kidogo. Katika fungu la tatu, sikio linapotarajia kubaki nyumbani, wimbo unahamia D-flati meja, nusu hatua juu ya pale ulipoanzia, na ghafla kunakuwa na mwanga. Vipimo vinne, kisha fungu la mwisho linakurudisha kwenye C maina kana kwamba hukutoka. Mwanafunzi anajifunza humo kuhama ufunguo na kurudi, na mpigaji mkomavu anapata mlango wa kutokea kila mzunguko. Nyimbo nyingi zenye werevu wa kiasi hiki huwa zinajionyesha. Huu unaimbika na mtoto.

Dorham aliendelea na Henderson katika "Our Thing" na "In 'n Out", na Septemba 1964 akarekodi "Trompeta Toccata", Henderson akiwa tena naye. Alikuwa na miaka 40 na ndiyo ikawa albamu yake ya mwisho akiwa kiongozi. Aliishi miaka minane zaidi.

Kuna mkuu ameuliza kwa nini iwe hivyo, kama kweli alikuwa fundi kiasi hicho. Sababu haikuwa moja. Soko la jazi lilikuwa linafinywa. Vijana walikuwa wamehamia kwenye roki na soul, vilabu vilikuwa vinafungwa, na kampuni ya Blue Note yenyewe iliuzwa katikati ya miaka ya 1960. Waliosalimika walikuwa wale wenye wimbo uliouza, kama Lee Morgan na "The Sidewinder" yake ya mwaka 1963, au wenye jina la kujaza ukumbi. Dorham hakuwa na kimoja wala kingine, kwa kuwa "Blue Bossa" ulikuwa unatembea bila yeye. Alifanya kazi posta, akasoma muziki Chuo Kikuu cha New York, na akaandika uhakiki wa rekodi katika jarida la Down Beat, kazi iliyomfaa kuliko wengi kwa kuwa alijua kuandika na hakuogopa kusema alichokisikia. Aliendelea kualikwa: yumo katika "Cedar!" ya Cedar Walton ya mwaka 1967 na "Bull's Eye!" ya Barry Harris ya mwaka uliofuata, na aliongoza bendi kubwa kwa ushirika na Henderson. Figo ndizo zilizomshinda. Alifariki New York tarehe 5 Desemba 1972, akiwa na miaka 48.

Kwa mkuu aliyedai kwamba Dorham alikuwa "mpigaji wa daraja la pili mwenye bahati ya kuwajua watu": bahati ya kuitwa na Monk, Parker, Blakey, Roach, Rollins na Henderson haipo. Watu hao hawakuwa wanagawa ajira kwa udugu. Ninakubaliana nawe jambo moja, kwamba kuna rekodi zake zisizo na moto, hasa ile ya mwaka 1958 ambayo aliamua kuimba. Sauti yake ya kuimba ni ya kistaarabu, na nadhani ingetosha kuisikia sebuleni.

La mwisho, kuhusu swali la kama aliukataa muziki mpya wa miaka ile. Jibu linategemea unaangalia siku ipi. Oktoba 1958 alirekodi na Cecil Taylor, mpiga piano aliyekuwa anavunja kila kanuni, pamoja na John Coltrane, Chuck Israels wa besi na Louis Hayes wa dramu. Kutoelewana kunasikika waziwazi: Dorham anatembea kwenye barabara yake ya bibopu, na Taylor anamrushia mawe kutoka pembeni, kila mmoja akikataa kumpisha mwenzake. Lakini Machi 1964 yumo katika "Point of Departure" ya mpiga piano Andrew Hill, muziki mgumu usiotabirika, akiwa kati ya Eric Dolphy na Henderson, na hakuna mahali anaposikika kama mgeni. Tofauti naiona kwenye maandishi: Hill aliandika nyimbo zenye umbo, na mtu aliyekuwa mtunzi kwanza alipata pa kushika. Rekodi ile ya Taylor ina utunzi mmoja wa Dorham, "Shifting Down". Msiitafute chini ya jina la Dorham, wala la Taylor aliyekuwa kiongozi, kwa sababu baadaye ilitolewa upya kwa jina la "Coltrane Time", na kwa jina hilo ndiyo inapatikana kwa urahisi mpaka leo.